Malindi Ina Bahari Mbili

Nianze na lalamiko ninalolisikia kuliko yote kutoka kwa wageni wa bara: "Maji ya Malindi ni machafu." Mtu amepanda basi la usiku kutoka Nairobi, ameoga, amevaa kaptura mpya, ameteremka ufukweni karibu na mjini, na mbele yake bahari ina rangi ya chai ya maziwa. Picha aliyoiona kwenye simu ilikuwa ya buluu. Anahisi ametapeliwa.

Hakutapeliwa, ila hakuna aliyemweleza kwamba Malindi ina bahari mbili. Kaskazini mwa mji, mwendo mfupi kwa tuktuk, Mto Sabaki unaingia baharini. Mto huo ukiwa juu huitwa Athi, ukishakutana na Mto Tsavo huitwa Galana, na huku kwetu ndio Sabaki. Hukusanya maji ya pande za Nairobi, hupita Ukambani, hukata mbuga ya Tsavo Mashariki, na mvua ikinyesha huko juu huteremka na udongo mwekundu hadi baharini. Kwa hiyo mgeni wa Nairobi anayenung'unikia tope la Malindi ananung'unikia udongo wa kwao. Umemtangulia pwani, tena bila nauli.

Wala hali haikuwa hivi tangu zamani. Wanasayansi walilichoronga tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka kama 300 na kuzisoma tabaka zake. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yanaonyesha kwamba bariamu, elementi inayokuja na udongo wa mtoni, ilikuwa haba kwa muda mrefu, kisha ikapanda ghafla mwanzoni mwa karne ya 20. Huo ndio wakati ardhi ya bara ilipogawanywa upya na wakoloni: misitu ikafyekwa, mashamba makubwa yakalimwa, na wenyeji wakasongamana kwenye miteremko. Tumbawe liliyaweka hayo yote kwenye kumbukumbu zake.

Mchanga huo wa mtoni pia umeupanua ufuo wa mjini. Hoteli za zamani zilizojengwa mawimbi yakiwa jirani leo zina uwanja mpana mbele yao, na mgeni hutembea juani kitambo kabla ya kulowa miguu. Watoto wa mji wameshaugeuza viwanja vya mpira.

Ukitaka kuziona bahari zote mbili kwa mara moja, nenda kwenye rasi yenye mnara wa Vasco da Gama. Ukitazama bahari, kushoto kwako ni ghuba ya mjini, ile ya tope. Kulia kwako pwani inashuka kusini kupitia Silversands na Casuarina kuelekea Watamu, na huko kuna miamba ya matumbawe na maji unayoyaona kwenye picha. Mpaka wenyewe si ukuta. Kaskazi ikianza kuvuma huku mvua za vuli zikiwa zimeujaza mto, tope huvuka rasi na kufika hata penye matumbawe, na ndiyo maana Desemba, mwezi ambao kila mtu anakuja, si mwezi wa kuaminika. Mimi huwaambia watu waje Februari au Machi. Mto umepungua, bahari imetulia, na vyumba ni rahisi.

Mnara wenyewe, niseme kweli, ni mdogo. Ni nguzo nyeupe ya mawe yenye umbo la pia, na juu yake msalaba uliochongwa kwa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Dakika kumi zinatosha, na nyingine utazitumia kuwatazama vijana wanaovua kwa mshipi kwenye majabali ya chini. Lakini kisa chake kina utamu. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498 akitoka Mombasa, ambako mambo hayakumwendea vizuri hata kidogo. Sultani wa Malindi alikuwa na uhasama wake na Mombasa, basi adui wa adui akapokewa kwa heshima, akapewa vyakula, na juu ya yote akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Mwezi uliofuata Mreno alikuwa India. Jina la rubani huyo limebishaniwa miaka nenda miaka rudi. Wengine humtaja Ahmad ibn Majid, ingawa wanahistoria wengi wa leo hawakubali. Inaniudhi kidogo kwamba aliyepotea njia ana mnara na aliyeijua njia hana hata kibao.

Na Malindi ilishazoea kuongea na watu wa mbali kabla ya Mreno. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia mfalme Yongle wa Uchina zawadi ya twiga aliye hai. Hebu fikiria kazi ya kumlisha twiga ndani ya jahazi kwa miezi yote hiyo.

Hatua chache kutoka rasini kuna kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, na makaburi uani. Mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Pita nawe, ni njiani. Kisha shika barabara ya pwani hadi ile nyumba ya nguzo inayotazamana na gati, ambayo sasa ni makumbusho. Watu wengi huzunguka vyumba haraka haraka na kutoka. Usifanye hivyo kabla ya kumwona silakanti. Huyu ni samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka duniani pamoja na dinosau, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa Malindi alinaswa na meli ya uvuvi mwaka 2001. Amelala kwenye dawa, mkubwa, magamba yake mazito, na mapezi yake hayakuota moja kwa moja kwenye mwili: kila moja limesimama kwenye kishina cha nyama. Ukimwangalia kwa utulivu utaelewa kwa nini watu wa sayansi walipagawa.

Karibu na hapo, kwenye bustani ya mji, kuna sanamu ya Mekatilili wa Menza. Kama umesoma shule Kenya, jina unalijua, lakini huenda hukufundishwa kwamba vita vyake vilikuwa hapa hapa, upande wa Wagiriama wa nyuma ya Malindi na ng'ambo ya Sabaki. Mwaka 1913 alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kuwalisha watu kiapo wasitoe vijana wao kwa Mwingereza. Walimkamata, wakampeleka Kisii, akatoroka na kurudi kwa miguu. Pima umbali huo kwenye ramani ukiwa umekaa kivulini pale bustanini.

Sasa Gede. Kama una siku moja tu, acha bahari uende Gede. Najua nasema neno zito kwa mtu aliyelipia chumba cha ufukweni. Matatu za Watamu na Mombasa hupita njia panda ya Gede, na kutoka pale bodaboda inakuingiza hadi langoni. Mwezi Julai 2024 UNESCO iliuingiza mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia, lakini utulivu wake bado haujaharibika.

Ni mji wa mawe ya matumbawe ulioanza karne ya 12, ukanawiri karne ya 15, na ukaachwa karne ya 17. Msitu uliumeza. Mizizi ya miti imekumbatia kuta, kima wanarukaruka juu ya msikiti, na hondohondo wanapiga kelele zao mahali fulani juu usipowaona. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, na nyumba nyingi zikapewa majina kutokana na kilichopatikana ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kasha la Pembe. Napenda majina haya kwa sababu yanakukumbusha kwamba mtu alikuwa na mkasi, akaupoteza, akaukasirikia.

Kwenye msikiti mkuu, tazama juu ya mlango mmoja wa pembeni: kuna ncha ya mkuki iliyochongwa kwenye jiwe. Watu hupita chini yake bila kuinua kichwa. Tazama birika la kutawadhia na kisima kilicho jirani, kisha uende kwenye nyumba za matajiri uone vyoo vyao, kila kimoja na mahali pake pa kujitawadhia. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Bakuli za Kichina na shanga za kioo za Venice zimo kwenye makumbusho madogo ya pale. Mji ulikuwa na pesa, usafi na marafiki wa ng'ambo.

Lakini Wareno, waliokaa Malindi karibu karne nzima, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka hapa, hawakuutaja mji huu hata mara moja katika maandishi yao yanayojulikana. Wala hatujui kwa hakika kwa nini uliachwa. Wako wanaosema uvamizi kutoka Mombasa, wako wanaosema Waoromo walioshuka kutoka kaskazini, na wako wanaosema maji: visima vilizidi kuchimbwa chini na mwisho vikakauka. Mwongozaji wako atakupa nadharia yake. Mlipe vizuri na umwulize maswali, maana waongozaji wengi wa Gede ni watu wa vijiji vya hapo na hawakariri tu. Ndizi ziache kwenye gari. Kima wa Gede wameshawajua wageni, na mfuko wa plastiki kwao ni mwaliko.

Langoni hapo hapo kuna mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga ganda kabla ya kuwa vipepeo, kwa maonyesho ya vipepeo ng'ambo, na hivyo msitu unawalipa ukiwa umesimama. Msitu wenyewe ni wa watu wa ndege na watu wenye subira. Anayeamka alfajiri anaweza kumwona sengi, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye makalio ya dhahabu akikatiza njia. Anayeamka saa mbili ataona miti.

Kuhusu mbuga ya bahari: ya Malindi na ya Watamu zote zilitengwa mwaka 1968, na malipo ya kuingia ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji. Boti za kioo zipo nyingi, na vijana wa ufukweni watakuandama. Mwulize kila mmoja swali moja tu: maji yanakupwa saa ngapi? Anayejibu bila kutazama simu ndiye wako. Huku kwetu siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa katikati ya asubuhi, na wakati huo mwamba huzuia mawimbi na ndani yake panakuwa shwari. Siku za maji mafu, yasipopwa sana, nenda Gede.

Nahodha ninayemtegemea ni mzee wa makamo asiyependa maneno. Nilimpigia simu: "Ami, kesho tutoke saa ngapi?"

"Mwezi umeandama juzi, mwanangu. Saa nne na nusu mwamba utakuwa nje. Njoo saa tatu, na usije na kofia ya kupeperuka."

Tulipofika alizima mashine na kuiacha boti ielee. Chini ya kioo palikuwa na kasuku wa baharini waking'ata matumbawe, na ukitumbukiza kichwa unasikia meno yao yakikwaruza jiwe. Maji yalikuwa meupe kiasi cha kuona madoa ya pweza aliyejibanza. Aliponionyesha bonde moja lenye matumbawe yaliyokufa alisema tu, "Tisini na nane." Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida na sehemu kubwa ya matumbawe ya Malindi na Watamu ikapauka na kufa. Kilichopo leo ni kilichosalia pamoja na kilichoota tena. Usikanyage. Nahodha wako akikushusha juu ya matumbawe ili upige picha, mwambie akurudishe.

Watamu inatangazwa vya kutosha, sina haja ya kuiongezea. Ila nyuma yake kuna Mida, mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na huko ningependa uende jioni maji yakiwa yanatoka. Kuna daraja la kamba na mbao linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Kuanzia Oktoba ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia hujaa kwenye matope wakidonoa. Dabaso, upande huo huo, kikundi cha wanakijiji wanaofuga kaa wana mkahawa wa mbao juu ya maji. Agiza sambusa za kaa, kisha uagize tena kabla hujamaliza za kwanza, kwa sababu jikoni hawana haraka.

Kaskazini mwa Sabaki mambo yanabadilika. Hoteli zinapungua, mchanga unazidi. Mambrui ni mji mkongwe wenye msikiti wake na kaburi la mnara, na mwaka 2010 wachimbaji wa Kichina na Kikenya waliipata huko sarafu ya enzi ya Yongle, yule yule wa twiga. Ufuo wake una chembe zinazometameta juani, na wenyeji wanauita wa dhahabu. Mbele zaidi ni Ngomeni, kijiji cha wavuvi chenye jambo la ajabu: ukisimama ufukweni unaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini. Ni San Marco, kituo cha Waitaliano kilichorusha satelaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya Marekani ya kutafuta miale ya eksirei angani, na ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kwa kazi hiyo. Watoto wa shule Kenya wangepaswa kuletwa hapa kwa mabasi.

Waitaliano wale wa roketi ndio waliowavuta wenzao. Ndiyo sababu mjini utasikia vijana wakisalimia "ciao" kabla ya "mambo", utakuta aiskrimu nzuri kuliko za Mombasa, na muuza vinyago atakupa bei kwa Kiitaliano kilichonyooka. Kuna uso mwingine wa utalii huo, wa wasichana wadogo na wazee wenye pesa, ambao wenyewe tunaujua na haufai kufichwa kwenye makala ya likizo. Ukiona mtoto akitembezwa na mgeni kwa namna isiyokupendeza, ripoti.

Marafa iache iwe safari ya alasiri. Ni kama saa moja kwa gari kutoka mjini, na gari liwe zima maana barabara ina vumbi la kutosha. Unatembea kwenye uwanja wa kawaida kabisa, kisha ardhi inakatika miguuni pako: korongo lenye minara ya mchanga, nyeupe chini, waridi katikati, nyekundu juu. Wagiriama wanasimulia kwamba palikaa ukoo wa matajiri waliokuwa na ng'ombe wengi hata wakaoga maziwa, mpaka ardhi ikawafunguka na kuwameza. Kijana aliyenizungusha alinionyesha rangi nyeupe na kusema hayo ndiyo maziwa, na nyekundu ni damu, kisha bila kupumzika akanieleza jinsi mvua inavyolila korongo na kulisogeza kila mwaka kuelekea kijijini. Jua likishuka, kama saa kumi na moja na nusu, minara inawaka. Usichelewe kupanda, njia ya kurudi juu haina taa.

Chakula sasa, na hapa nina upendeleo. Hoteli kubwa zitakupa pizza na kamba. Sawa. Lakini jioni teremka mji wa kale upande wa msikiti wa Ijumaa, ambako nje kuna makaburi ya mnara ya karne nyingi, na ufuate moshi. Viazi karai na urojo wa ukwaju, mishkaki, kachri, mkate wa mofa unaotolewa ukiwa unachoma vidole. Mchana tafuta mahali pa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mwezi wa Ramadhani mchana mji wa kale hulala na usiku hauna usingizi, nao ndio wakati mzuri kuliko yote kwa mtu anayependa kula, mradi avae kwa staha. Ukipata mwenyeji wa Kigiriama, mwombe akupeleke mangweni, kunakouzwa pombe ya mnazi, ukaonje mnazi, ukiwa mchanga wa asubuhi, kabla haujachacha ukakutoa akili.

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Kuna mama karibu na soko la zamani ambaye hukaanga mbele ya nyumba yake, benchi mbili tu, na walimu, madereva wa tuktuk na wavuvi waliorudi hubanana pale na sahani magotini. Humkuti na bango wala namba ya simu. Ukimwambia "Mama, niwekee manne," atakuwekea matano na kukudai manne kama ni mara yako ya kwanza. Nenda saa moja. Saa mbili unusu huwa anaosha masufuria, na hata uwe umetoka Nairobi hatakuwashia tena jiko.